Maji Tohara na Maji Salama: Somo kwa Vijana na Wazee Wao

 

Katika darasa yetu moja ya baada ya Magharibi alikuja kijana wa skuli ya sekondari, naye ana kichupa mfukoni. Ndani ya kichupa hicho alikuwa ametia maji ya kisima cha msikiti mmoja wa mtaani, pamoja na karatasi yenye dawa aliyopewa na mwalimu wake wa sayansi, kisha akakiweka kabatini siku mbili. Alipokitoa mbele yetu, maji yalikuwa meusi kama wino. Akasema: "Maalim, tumefundishwa kuwa maji yakigeuka meusi namna hii, yahofiwa kuwa yameingiwa na uchafu wa choo."

Mzee mmoja aliyekuwa ameegemea nguzo akakasirika. "Mwanangu," akasema, "kisima hicho kilichimbwa na babu zetu. Mimi nimetawadha kwa maji yake na nimeyanywa zaidi ya miaka 60. Hayakubadilika rangi, wala ladha, wala harufu. Wewe umesoma kitabu gani hata uyatie unajisi maji ya msikiti?"

Kijana akajibu kwa adabu: "Sikusema ni najisi, Ami. Nimesema yana maradhi."

Watu wakacheka, na darasa ikaendelea na somo jingine. Lakini neno la kijana yule halikuwa la kuchekwa, na sisi tuliocheka, na mwandishi wa maneno haya akiwa miongoni mwao, twadaiwa jawabu. Basi somo la leo ni kulipa deni hilo.

Jambo la kwanza ni kuwa wote wawili walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa akijibu suala lake. Mzee wetu alisema kwa lugha ya mlango wa tohara. Katika madhhabi ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yafuatwayo na wengi wa watu wa pwani yetu, maji yakifikia kullatayni, nayo ni lita 200 na kitu kwa hisabu ya wanazuoni wengi, hayanajisiki kwa kuingiwa na najisi mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Hukmu hii imewekwa kuwaondolea watu uzito, na lau si hiyo basi kila mwenye kisima angaliishi katika wasiwasi. Lakini tujiulize: hukmu hiyo yajibu suala gani? Yajibu suala la mtu aliyetawadha kwa maji yale, kama sala yake ni sahihi. Suala la mtoto aliyeyanywa, kama atapambaukiwa na afya yake, halimo katika mlango ule. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havionekani kwa jicho, na vyaweza kuwamo kwa maelfu katika bilauri moja ya maji maangavu, matamu, yasiyo na harufu yoyote.

Huenda mtu akasema kuwa haya ni maneno mapya, nasi twaingiza mambo ya waganga katika dini. Ndugu zetu, haya si mapya. Wengi wetu tulianza kusoma fiqhi kwa kitabu cha Abu Shujaa, na katika kurasa zake za mwanzo kabisa ameyagawanya maji, akataja aina moja ambayo ni tohara, na yatoharisha, na pamoja na hayo ni makuruhu kuyatumia. Nayo ni maji yaliyopashwa moto na jua. Yamekuwaje makuruhu hali ya kuwa ni tohara? Ni kwa kuhofiwa madhara ya mwili, kwani ilisemwa kuwa yaleta ubarasi. Na Imam Shafii mwenyewe katika kitabu chake Al-Umm ameeleza kuwa hakuyachukia maji hayo ila kwa upande wa tiba.

Tuitazame vizuri kauli hii. Imamu wa madhhabi yetu, aliyefariki mwaka 204 wa Hijra, amepambanua baina ya hukmu ya tohara na hukmu ya madhara, na katika madhara akaitazama tiba. Kisha akaja Imam Nawawi, naye ni katika nguzo za madhhabi haya haya, akachagua kuwa maji ya jua hayana ukaraha, kwani hadithi iliyotajwa ni dhaifu na katika tiba hakukuthibitika kitu. Basi ikiwa wakubwa hawa walikubali kuulizana juu ya maji, "Je, tiba yasemaje?", na wakawa tayari kuigeuza kauli kwa kukosekana dalili ya tiba, sisi twapata wapi ujasiri wa kumcheka kijana aliyekuja na dalili mkononi?

Tena yafaa tuseme hapa, kwa kuwa vijana wameuliza, juu ya ile njia ya kuyatia maji katika chupa ya plastiki iliyo angavu na kuiweka juani muda wa saa 6, au siku 2 mbingu ikiwa na mawingu, ili miale ya jua iue vijidudu. Njia hii ni sahihi kwa maji yasiyo na tope na kwa chupa isiyozidi lita 2. Hata kwa wale wenye kushikamana na kauli ya ukaraha, wanazuoni wao waliufunga ukaraha huo kwa chombo cha madini, na maji yakiwa yangali moto. Chupa ya plastiki si chombo cha madini, na maji yakipoa hapana neno. Na aliyeuliza kuhusu klorini pia ajue kuwa harufu ndogo ya dawa hiyo haiondoi jina la maji, kwa hivyo utoharishaji wake wabaki pale pale.

Tuendelee. Kuna kisa kimoja cha nchi ya mbali ambacho twapenda wazee wetu wakisikie, kwani chafanana sana na shauri letu. Mwaka 1854 katika mtaa wa Soho mjini London kulizuka kipindupindu kikali kilichoua watu zaidi ya 600. Wakati huo waganga wengi wa Ulaya waliamini kuwa maradhi hayo yaletwa na hewa yenye harufu mbaya. Daktari John Snow akashikilia kuwa yaletwa na maji, akavifuatisha vifo nyumba kwa nyumba, akaona kuwa vyazunguka kisima kimoja cha bomba katika njia iitwayo Broad Street. Na maji ya kisima hicho yalikuwa yakisifiwa kwa ladha yake! Mjane mmoja aliyehama mtaa ule na kwenda kukaa Hampstead aliyapenda mno hata akawa akiletewa chupa ya maji hayo kutoka mjini. Akayanywa, na mpwa wake aliyekuja kumzuru akayanywa, wakafa wote wawili, hali ya kuwa huko walikokaa hapakuwa na maradhi hayo.

Wengi wamtaja Snow, na wachache wamtaja kijana mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 29, jina lake Henry Whitehead, msaidizi wa kasisi wa kanisa la mtaa ule. Yeye hakumwamini Snow hata kidogo. Akaanza kuingia nyumba za watu akiuliza nani aliugua, nani alikunywa maji gani, na siku gani, kwa nia ya kuonyesha kuwa daktari amekosea. Kadiri alivyouliza ndivyo alivyozidi kuona kuwa daktari amepata. Mwisho akawa ni yeye aliyeipata nyumba ambayo mtoto mchanga alikuwa wa kwanza kuugua, na maji yaliyofuliwa nguo za mtoto huyo yalimwagwa katika shimo la uchafu lililokuwa kama futi 3 tu kutoka kisimani. Shimo lilipofukuliwa likaonekana lavuja. Whitehead hakuwa mganga. Alichokuwa nacho ni miguu ya kutembea, na daftari, na kujuana na watu wa mtaa hata wakamfungulia milango. Miaka 30 baadaye, katika mwaka 1884, mtaalamu wa Kijerumani Robert Koch akathibitisha kijidudu chenyewe kinacholeta kipindupindu.

Haya, na tuurudie mji wetu. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, na mawe hayo yana matundu na nyufa zipitishazo maji upesi kuliko udongo wa bara. Kanuni wanayoitaja wataalamu ni kuwa shimo la choo liwe mbali na kisima kwa mita 30 au zaidi, na chini ya shimo pawe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1 na nusu. Katika mawe kama haya yetu hata mita hizo 30 zaweza zisitoshe. Sasa nani katika wakazi wa Mji wa Kale anaweza kuhisabu mita 30 kutoka kisima chake bila kupita juu ya choo cha jirani, na pengine juu ya choo chake mwenyewe? Nyumba hizi zilijengwa kwa watu wa familia moja, na leo nyingi zina wapangaji wa vyumba. Shimo ni lile lile, kisima ni kile kile, waliozidi ni watu. Basi mzee akisema kuwa babu zetu walikunywa maji haya wakasalimika, twamjibu kwa heshima kuwa babu zetu hawakuyanywa maji haya. Waliyanywa maji ya kisima hiki kabla ya mji kujaa.

Wala tusiseme kuwa leo kila mtu ana mfereji. Maji ya mfereji ya Mombasa yatoka mbali: Marere katika milima ya Shimba, na Mzima Springs kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950, na Baricho kwenye mto Sabaki. Yakikatika siku tatu, kila nyumba yarudi kisimani au yanunua mitungi kwa mwenye mkokoteni, na mwenye mkokoteni haulizwi ameyateka wapi. Ndugu zetu wa Lamu wamepewa neema ya matuta ya mchanga ya Shela, ambayo hupokea mvua na kuihifadhi chini yake kama birika kubwa, na kila jengo na shimo la choo litakalosogezwa juu ya matuta hayo litakuwa limechimbwa ndani ya birika la mji. Kipindupindu kiliingia Kenya mwaka 1971, na tangu hapo kimekuwa kikirudi. Mlipuko ulioanza Oktoba 2022 ulienea katika kaunti nyingi za nchi. Hatuna hoja ya kusema hatukuonywa.

Na onyo la kwanza lilitoka kwa Mtume wetu (s.a.w.), karne nyingi kabla ya Snow na Koch. Amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Ametahadharisha juu ya kwenda haja mahali watu watekapo maji, na njiani, na kivulini, akayahisabu haya kuwa ni mambo yenye kuleta laana. Ameamrisha vyombo vifunikwe usiku na viriba vifungwe vinywa. Amemkataza aamkaye usingizini kutia mkono chomboni kabla ya kuuosha mara tatu, kwa kuwa hajui mkono wake umelala wapi. Na akaweka kanuni kubwa kuwa katika dini hii hakuna kudhuru wala kudhuriana. Twazisoma hadithi hizi, twazihifadhi kwa sanadi zake, kisha twaweka kata moja mdomoni mwa mtungi na kila aingiaye achota kwayo kwa mkono atokao nao huko atokako.

Sasa tufike kwenye shauri la vijana, ambalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Ukitazama sira utaona kuwa kazi ya maji katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) ilikuwa mikononi mwa vijana. Anas bin Malik (r.a.) amesimulia kuwa Mtume alipokuwa akitoka kwenda haja, yeye na kijana mwenzake walikuwa wakimchukulia chombo cha maji ya kujisafishia. Ibn Abbas (r.a.), akiwa mtoto, alimwekea Mtume maji ya kutawadhia bila kuambiwa. Mtume akauliza ni nani aliyeyaweka, na alipoambiwa akamwombea Mwenyezi Mungu amfahamishe dini. Dua ile ilitoka kwa sababu ya chombo cha maji. Na kijana mwengine, Zayd bin Thabit (r.a.), Mtume alipohitaji mtu wa kumsomea barua za Mayahudi alimwamrisha yeye ajifunze maandishi yao, naye akajifunza kwa muda mfupi sana, akawa ndiye amsomeaye na amwandikiaye. Palikuwa na wazee Madina, watu wa heshima na wa vita. Lakini elimu ile ilitakikana kwa haraka, na kijana ndiye aliyekuwa mwepesi wa kuipata, kwa hivyo akapewa kijana, na wazee hawakuona kuwa wamevunjiwa heshima.

Sisi twafanya nini na vijana wetu? Tumewapeleka skuli, wamesoma vijidudu na madawa na vipimo. Wakirudi mtaani twawapa mafagio. Siku moja katika mwaka huitwa "siku ya usafi", wakapewa fulana za rangi moja, wakafagia mtaro mmoja, wakapigwa picha pamoja na wakubwa, na taka zile zikaachwa kando ya njia mpaka mvua ikazirudisha mtaroni. Hatuulaumu ufagio. Kuondoa udhia njiani ni sadaka kwa kauli ya Mtume. Twailaumu tabia ya kumpa kijana kazi ya mikono yake na kumnyima kazi ya akili yake, na ya kumtaka atumike bila kumruhusu aseme aliyoyaona.

Kijana anaweza kushika kamba akapima kutoka kila kisima mpaka kila shimo la choo, akachora ramani ya mtaa. Anaweza kuchukua maji ya kila kisima katika vichupa na kuyatazama, majira ya kiangazi na baada ya mvua, kwani visima vingi huharibika mvua inaponyesha na mashimo yakafurika. Lakini ajue mipaka ya kipimo chake. Kuna maji ya ardhini yenye kibiriti cha asili ambayo hugeuza dawa ikawa nyeusi bila ya uchafu, na kuna maji ambayo hayatageuka na bado yana dhara. Kichupa cheusi chatosha kutufanya tusiyanywe maji yale mpaka yapelekwe kupimwa na watu wa afya wa kaunti. Huko kiwango ni wazi: katika mililita 100 za maji ya kunywa, kijidudu kile kitokacho matumboni kiitwacho E. coli kisionekane hata kimoja.

Kazi hii haitatimia bila binti zetu. Mvulana hawezi kubisha hodi na kuingia uani kuitazama mitungi ya watu, na ukweli wa maji ya mji huu umo uani. Ni wasichana watakaoona kama mtungi una kifuniko, kama maji ya kunywa yamechanganywa na ya kufulia, kama pana sabuni karibu na choo. Tena ni wao na mama zao wauguzao mtoto anapoharisha. Basi nao wafundishwe kutia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa chupani na kungoja nusu saa kabla ya kunywa, na kuchuja kwanza maji yenye tope, kwani dawa haifanyi kazi vyema katika tope. Na wafundishwe maji ya kumnywesha mwenye kuharisha: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku mgonjwa akipelekwa hospitali bila kungojewa. Kipindupindu humaliza maji ya mwili kwa saa, si kwa siku.

Yako mambo ambayo kijana asitumwe. Asiteremshwe katika kisima wala katika shimo la choo, hata kwa malipo, hata kwa thawabu. Hewa ya humo imeua watu, na aliyemfuata kumwokoa akafa juu yake. Kutapisha mashimo ni kazi ya wenye vyombo vyake, na fedha zake zitoke kwetu.

Na hapa ndipo penye uzito. Kijana aweza kupima, akachora, akaandika. Kisha ripoti yake itafika kwa kamati ya msikiti, au kwa mwenye nyumba, au kwa msimamizi wa wakfu, nao ndio wenye ufunguo na mfuko. Ikiwa ripoti itasema kuwa choo cha msikiti kihamishwe, au kisima kifungwe kisinywewe, nani atasikia? Twajua nyumba ambayo mpangaji aliyelalamika juu ya choo aliambiwa atafute nyumba nyengine. Na twajua visima vilivyochimbwa kwa nia njema kuwa sadaka jaria kwa ajili ya wazazi waliofariki, vikatiwa kibao cha marumaru chenye jina la marehemu, na tangu siku ya kufunguliwa hakuna aliyerudi kukitazama kifuniko chake. Saad bin Ubada (r.a.) alichimba kisima kwa ajili ya mama yake, na Uthman bin Affan (r.a.) alikitoa kisima cha Ruma kwa Waislamu wote. Visima vile vilikuwa vya kunywesha watu maji matamu. Mwenye kutaka thawabu zao naafuate na mfano wao, akiweke kando ya fedha za kuchimba fungu la kukitunza, na akubali kukifunga kikithibitika kuwa chadhuru. Kwa maoni yetu, kulihamisha shimo la choo la msikiti kutoka karibu na kisima ni matumizi bora ya fedha za wakfu kuliko kuipaka minara rangi mpya, na mwenye kuona vinginevyo atuandikie.

Serikali nayo haikusamehewa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha na haki ya usafi wa kiasi kinachostahili. Vijana wajifunze kuandika barua kwa afisa wa afya ya umma wa kaunti, barua yenye tarehe na ramani na hisabu ya visima, na waweke nakala. Barua yenye ramani ni vigumu kuitupa.

Vijana wamekwisha leta hisabu nyengine ndogo iliyotuaibisha. Walisimama kwenye mifereji ya kutawadhia wakaweka ndoo chini, wakaona kuwa wengi wetu twajaza zaidi ya nusu ya ndoo kwa udhu mmoja. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, nacho hakifiki lita 1, na akioga kwa pishi moja mpaka vibaba vitano. Wazee wetu wa zamani, waliokuwa wakitia samaki wadogo katika mabirika ili wale viluwiluwi vya mbu, walijua kuyachunga maji yao. Sisi tumepewa mfereji tukadhani kuwa kuchunga kumekwisha.

Baada ya kuandika haya tulikwenda kwa yule mzee tukamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza mara mbili juu ya maneno ya Imam Shafii, akataka aonyeshwe mahali pake kitabuni, akaonyeshwa. Kisha akasema kuwa kijana hakupima vizuri. Nyuma ya msikiti, chini ya ukumbi wa madrasa, kuna shimo la choo la zamani lililofunikwa kwa saruji alipokuwa yeye kijana, na hakuna ajuaye lilipo isipokuwa yeye na mtu mwengine mmoja ambaye sasa haoni.

Basi vijana wenye kutaka kushiriki, wakutane Jumamosi baada ya Alasiri mlangoni mwa msikiti huo. Mmoja alete kamba iliyotiwa alama kila mita, mmoja alete daftari. Mzee atakuwapo kuwaonyesha mahali pa kuanzia kupima, na ameomba mtu amletee kiti.